Eksirei ya Kimahakama

Mtu aliyejeruhiwa kwa silaha Nyamwaga, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, kwa kawaida hutakiwa awe na Fomu Namba 3 ya Polisi, ile ambayo nchi nzima inaiita PF3. Polisi hujaza sehemu yao, daktari naye hujaza yake: jeraha ni la aina gani, lina ukubwa gani, na linaelekea limetokana na silaha ya namna gani. Daktari akiona haja huandika pia maneno mawili, "apigwe eksirei". Kuanzia hapo picha moja ina kazi mbili. Kwanza ni ya kumtibu majeruhi. Miezi kadhaa baadaye, pengine miaka, itahitajika mbele ya hakimu.

Kazi ya kwanza Kiswahili kinaiweza vizuri. Kazi ya pili haijapata istilahi iliyotulia, na pengo hilo limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania. Hukumu zinazoandikwa kwa Kiswahili zinahitaji neno ambalo mshtakiwa, wakili na hakimu wa rufaa wote watalielewa kwa namna moja.

Tuanze na neno lenyewe. Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, mwanafizikia Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale inayopenya vitu ambavyo mwanga haupenyi. Kwa kuwa hakuijua ni miale ya namna gani aliipa herufi X, kama wanahisabati wanavyokiita kile wasichokijua bado. Kiingereza kikaongeza neno lake la mwale, nasi tukachukua sauti zote kwa pamoja: eksirei. Ni mkopo mzuri, unatamkika, na haubabaishi mtu kijijini wala mjini. Shida yake ni kwamba umebeba vitu vitatu. Tukisema "eksirei imeharibika" tunakusudia mashine. Tukisema "leta eksirei yako" tunakusudia picha. Tukimwonya mjamzito kuhusu eksirei tunakusudia miale. Hospitalini muktadha hutatua yote. Mahakamani, shahidi anayesema "eksirei ilionyesha risasi" bado hajaeleza kama aliiona picha kwa macho yake au alisoma ripoti iliyoandikwa na mwingine, na tofauti hiyo inaweza kumfunga mtu au kumwachia huru.

Wapo wanaopendelea "mionzi". Kwa idara ya hospitali linafaa, na mteknolojia mionzi ni cheo kinachojulikana serikalini. Lakini mionzi ni pamoja na tiba ya saratani pale Ocean Road na miale ya madini kama urani. Kwa ushahidi ni pana mno. Napendekeza tubaki na eksirei, ila tuseme kila mara ni kipi kati ya vile vitatu: miale ya eksirei, mashine ya eksirei, picha ya eksirei.

Mahakama haikuchelewa kuitumia picha hiyo. Mkesha wa Krismasi wa 1895, mjini Montreal, Kanada, Tolson Cunning alipigwa risasi ya mguu. Madaktari waliitafuta wakaikosa. Februari 1896, wiki chache tu baada ya habari za ugunduzi kuenea, Profesa John Cox wa Chuo Kikuu cha McGill aliupiga mguu ule picha iliyochukua dakika 45. Risasi ikaonekana imebanwa kati ya mifupa miwili ya chini ya goti, imebonyea. Daktari akaitoa, na picha ikapelekwa katika kesi ya George Holder, aliyeshtakiwa kwa kujaribu kuua na akatiwa hatiani.

Kilichoonekana katika picha ile kilikuwa kivuli. Miale hupita, na kadiri atomu za kitu zilivyo nzito ndivyo inavyozuiwa zaidi. Nyama huipitisha, mfupa wenye kalisi huizuia, chuma huizuia zaidi, na madini ya risasi huizuia kuliko hivyo vyote. Hapa lugha yetu ina mtego wake, kwa sababu risasi ni jina la madini na pia ni jina la kile kinachotoka kwenye bunduki. Risasi za bunduki ambayo polisi wetu huiita SMG nyingi zina kiini cha chuma. Daktari akiandika kwamba picha imeonyesha "chembe za risasi", msomaji atadhani madini yametambuliwa, ilhali picha ya kawaida ya eksirei haitambui ni metali gani. Ni salama zaidi kuandika "vipande vya metali".

Tarime ina historia ya mapigano ya koo yaliyopiganwa kwa mishale, mikuki na mapanga, na kila silaha huacha kivuli chake. Kichwa cha chuma cha mshale huonekana wazi, lakini uti wake wa mti ukivunjikia ndani unaweza kupotea kabisa katika picha. Sumu iliyopakwa haionekani hata chembe. Hiyo ni kazi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Gobole, linaloshindiliwa baruti na chochote cha chuma kilichopatikana, hutawanya vipande visivyolingana umbo, na mtawanyiko huo wenyewe ni habari. Panga huacha mkato katika mfupa, na picha huonyesha ulipofikia.

Picha moja haitoshi. Kiganja kikisogezwa karibu na chemli, kivuli chake ukutani hukua, ingawa kiganja ni kilekile. Vivyo hivyo kipande cha metali kilicho mbali na filamu huonekana kikubwa kuliko kilivyo, kwa hiyo anayekadiria ukubwa wa risasi kwa kuitazama picha peke yake anabahatisha. Wala picha ya mbele haisemi kipande kiko kina gani. Ndiyo maana hupigwa mbili, ya mbele na ya ubavuni.

Sasa jina la taaluma hii. Ofisi ya Mkemia Mkuu hutumia "sayansi jinai", na polisi wana uchunguzi wa kisayansi wa jinai. Kwa kufuata mkondo huo tungesema "eksirei jinai". Mimi sikubaliani nalo, na sababu yangu inatoka hukohuko Tarime. Mchimbaji anayefanya kazi katika duara, yaani shimo la mgodi, au kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, huvuta vumbi la mawe yenye silika, na miaka inavyokwenda mapafu yake huota makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, huthibitishwa kwa picha ya kifua pamoja na historia ya kazi, na Shirika la Kazi Duniani lina picha sanifu za kulinganishia. Aliyeajiriwa anaweza kudai katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano makubwa ya fidia kwa wachimbaji wa dhahabu waliougua silikosisi na kifua kikuu. Jinai iko wapi hapo? Picha ya kifua cha mchimbaji ni ushahidi sawa na picha ya mguu wenye risasi. Kinachoziunganisha ni baraza linaloamua haki, na neno la Kilatini ambalo wenzetu wa Ulaya walilitumia kuiita taaluma hii lina asili ya uwanja wa hadhara ambako kesi zilisikilizwa. Kwa hiyo nasema: eksirei ya kimahakama.

Ndani ya jina hilo kuna kitu na kauli. Kitu ni picha. Kauli ni tafsiri yake, yaani maoni ya mtaalamu. Picha inahitaji mnyororo wa utunzaji: katika rufaa ya Paulo Maduka na wenzake, Namba 110 ya 2007, Mahakama ya Rufani ilieleza umuhimu wa kumbukumbu za maandishi zinazoonyesha kielelezo kilichukuliwa na nani na kikapita mikononi mwa nani. Fikiria basi filamu aliyopewa mgonjwa katika bahasha, ikakaa nyumbani juu ya kabati mwaka mzima. Kauli nayo inahitaji mtu wa kuulizwa maswali. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mshtakiwa haki ya kutaka daktari aliyeandika ripoti aitwe, na zipo PF3 zilizoondolewa katika kumbukumbu kwa sababu hakuelezwa haki hiyo.

Hakimu wa Tarime anayeandika kwa Kiswahili angeweza kuandika hivi: "Picha mbili za eksirei za mguu wa kulia, ya mbele na ya ubavuni, zilizopigwa na shahidi wa nne, zimepokelewa kuwa Kielelezo P3. Shahidi wa tano, daktari, ametoa maoni kwamba zinaonyesha kipande kimoja cha metali karibu na mfupa uliovunjika. Hakutoa maoni kuhusu aina ya silaha."