Tarehe Iliyoandikwa Juu ya Betri

Somo letu la leo ni la historia. Tutazungumza habari za betri ndogo iliyofungiwa ndani ya chombo cha ndege.

Mchimbaji wa dhahabu huijua betri ya tochi yake. Mwanga ukififia, huitoa akatia nyingine. Lakini ziko betri ambazo hazifunguliwi na kila mtu, wala hakuna awezaye kuona kwa macho kwamba zimechoka.

Katika miaka ya 1950, David Warren wa Australia alibuni chombo cha kunasa sauti za marubani na vipimo vya safari, ili ajali ikitokea sababu yake ijulikane. Watu hukiita kisanduku cheusi, ingawa rangi yake ni ya chungwa. Ndege kubwa huchukua viwili: kimoja hunasa sauti, cha pili hunasa mwendo na kimo.

Kila kisanduku kina kengele ndogo. Ikizama majini, hulia kila sekunde. Sikio la mtu haliisikii, ila mitambo ya meli. Kwa miaka mingi ilitakiwa ilie siku 30. Betri yake imezibwa ndani. Karakana yenye idhini ndiyo huishughulikia, kisha tarehe mpya huandikwa juu ya chombo na katika kumbukumbu za ndege.

Tarehe 30 Juni 2009, ndege ya Yemenia yenye watu 153 ilianguka baharini karibu na Ngazija. Aliokoka mtoto mmoja tu. Meli ilisikia mlio baada ya siku chache, na mwezi wa Agosti visanduku viliopolewa.

Tarehe 8 Machi 2014, ndege ya Malaysia Airlines iliondoka Kuala Lumpur na watu 239, ikapotea. Mwezi wa Juni 2016 kipande cha bawa lake kiliokotwa kwetu Tanzania, kisiwani Pemba. Mwezi wa Septemba wataalamu walithibitisha kuwa ni chake. Visanduku havikupatikana.

Ripoti ya mwaka 2015 ilieleza kwamba betri ya kengele ya kisanduku kimoja ilipitwa na muda wake tangu Desemba 2012. Kwa nini? Kisanduku hicho kilipowekwa mwaka 2008, habari zake hazikuingizwa sawasawa katika kompyuta ya matengenezo. Basi siku ya kubadilisha betri ilipofika, kompyuta haikumkumbusha mtu.

Hatusemi kwamba betri hiyo ndiyo iliyozuia ndege isionekane, kwa maana betri ya kisanduku cha pili ilikuwa bado ndani ya muda wake, nacho hakikupatikana. Lakini kengele moja kati ya mbili haikuwa ya kutegemewa, nao ndugu za abiria walikuwa wakingoja habari.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliagiza siku 30 ziongezwe ziwe 90. Hata hivyo, siku 90 hazimfai asiyeandika tarehe, wala asiyeisoma.

Maswali
1. Kengele ya kisanduku hulia wakati gani?
2. Kwa nini betri ya mwaka 2012 haikubadilishwa?
3. Tafuta nyumbani dawa au betri yenye tarehe ya mwisho. Isome, uiandike daftarini.