Mwalimu, una gazeti moja na wanafunzi 60? Kazi 5 za darasani unazoweza kuanza nazo kesho

Kwenye nyumba nyingi, mtoto wa sekondari ndiye anayemsomea bibi ujumbe ulioingia kwenye simu. Akisema "imeandikwa kimbunga kinakuja", nyumba nzima inamwamini. Lakini je, shuleni amefundishwa kuuliza nani kaandika?

Hapo ndipo habari za kila siku zinapoingia darasani. Lengo si mwanafunzi akariri majina ya mawaziri. Lengo ni azoee swali moja: umejuaje?

Huhitaji projekta wala bando la wanafunzi. Gazeti la juzi linatosha, hata lile lililofungia maandazi. Kama huna, soma habari fupi kwenye simu yako kisha iandike ubaoni. Kila kazi hapa chini inaingia kwenye kipindi cha dakika 40.

1. Maswali sita

Andika ubaoni: nani, nini, lini, wapi, kwa nini, vipi. Soma habari kwa sauti mara mbili. Wanafunzi wakiwa wawili wawili watafute majibu.

Mara nyingi watapata manne au matano, halafu "kwa nini" inakosekana. Usiwape jibu. Waulize: tungempigia nani simu ili tujue? Wakishataja mtu wa kumuuliza, tayari wanafikiri kama waandishi.

2. Habari bila kichwa

Kata kichwa cha habari, kiweke mfukoni. Soma habari, kisha kila kundi litunge kichwa chake kwa maneno yasiyozidi manane. Mwishoni toa kile cha gazetini mlinganishe.

Swali la kufungia: kipi kimesema kilichomo, na kipi kinataka tu watu wabonyeze? Kazi hii inafaa sana kwa somo la Kiswahili, maana ni ufupisho uleule wa kwenye mtihani, ila hauchoshi.

3. Ukweli au maoni?

Ukuta wa kulia ni ukweli, wa kushoto ni maoni. Soma sentensi, wanafunzi wahamie upande wanaouamini. Darasa likiwa limejaa, wanyooshe mkono wa kulia au wa kushoto.

Tumia mpira, hapo hakuna atakayesinzia. Mfano, robo fainali ya CHAN, 22 Agosti 2025, Dar es Salaam:

- "Morocco iliifunga Taifa Stars 1-0." Ukweli, unaweza kuuhakiki.
- "Stars walicheza vizuri kuliko Morocco." Maoni.
- "Stars walionewa." Hapa darasa litalipuka.

Waache wabishane, lakini weka sharti: anayesema walionewa aonyeshe tukio gani, dakika ya ngapi, na kanuni ipi ilivunjwa. Kumbe maoni nayo yana uzito tofauti. Yenye ushahidi hayalingani na ya hasira.

4. Hesabu ndani ya habari

Hii ni ya mwalimu wa hisabati. Tarehe 8 Oktoba 2023, Mkenya Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35. Rekodi ya dunia aliyoivunja ilikuwa ya Mkenya mwenzake Eliud Kipchoge: saa 2, dakika 1 na sekunde 9, aliyoiweka Berlin mwaka 2022. Marathoni ni kilomita 42.195.

Waulize: tofauti ni sekunde ngapi? (34.) Kiptum alitumia muda gani kwa kila kilomita? (Takriban dakika 2 na sekunde 51.) Kisha watoke uwanjani, wapime mita 100 na kuzikimbia. Kwa mwendo wa Kiptum, mita 100 ni kama sekunde 17. Baadhi yao wataweza. Sasa waambie wafanye hivyo mara 421 bila kupumzika.

5. Nani kasema?

Kama una muda wa kazi moja tu, chukua hii.

Mwaka 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa tahadhari ya Kimbunga Hidaya, ambacho kilifika kisiwani Mafia tarehe 4 Mei. Kwa mvuvi wa Mafia au Kilwa, kuamini ujumbe sahihi siku kama hiyo ni suala la uhai.

Tunga jumbe mbili za zoezi. Ya kwanza ina jina la mamlaka, tarehe, saa na maeneo yanayohusika. Ya pili inasema "kimbunga kikubwa kinakuja usiku huu, sambaza kwa wote", haina tarehe wala mwenye kuitoa. Wanafunzi waorodheshe tofauti.

Halafu wajaze mistari mitatu: Nani kasema? Kasema lini? Nani mwingine kathibitisha? Ujumbe uliofowadiwa ukikwama kwenye mistari hiyo, hausambazwi. Mwisho wa zoezi, futa ubao na waambie wazi kwamba jumbe zote mbili umezitunga wewe, zisije zikatoka na wanafunzi hadi mtaani.

Kabla hujaingia darasani

- Soma habari yote wewe kwanza, usiishie kwenye kichwa.
- Epuka picha za maiti na habari za ajali inayoweza kuwa imemgusa mwanafunzi wako.
- Habari ya siasa ikija, leta gazeti zaidi ya moja na usiseme uko upande gani.
- Usimcheke aliyeamini uongo. Sote tumewahi kusambaza kitu tukajutia.

Utajuaje kama inafanya kazi?

Usitunge mtihani. Jumatatu waulize swali moja: wikiendi hii, nani aliona habari akasita kuiamini, na alifanya nini?

Wiki ya kwanza pengine itanyooshwa mikono miwili. Wape nafasi waeleze mbele ya wenzao, halafu uliza tena Jumatatu inayofuata.