Royal Mint: Historia Fupi ya Kiwanda cha Sarafu cha London

Royal Mint, yaani Kiwanda cha Sarafu cha Kifalme cha Uingereza, ni kampuni ambayo hisa zake zote ni mali ya Wizara ya Fedha ya nchi hiyo. Mitambo yake iko Llantrisant, kusini mwa Wales, lakini kwa karibu miaka 700 makao yake yalikuwa London: kwanza ndani ya Mnara wa London, kisha jirani tu na hapo, Tower Hill. Kiwanda hiki hakichapishi noti. Noti za Uingereza ni shughuli ya Benki Kuu ya nchi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1694, nazo huchapwa Debden katika jimbo la Essex tangu miaka ya 1950. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kuona noti na sarafu zikitolewa na benki kuu moja, mgawanyo huo unaweza kuonekana wa ajabu. Chanzo chake ni umri: sarafu zilikuwa za mfalme karne nyingi kabla ya kuwapo benki yoyote.

Kiwanda chenyewe huhesabu umri wake kuanzia mwaka 886, Mfalme Alfred alipoirudisha London mikononi mwake kutoka kwa Wadenmark na kutoa sarafu za fedha zenye jina la mji huo. Wakati huo hakukuwa na kiwanda kimoja. Wafua sarafu walitawanyika katika miji mingi, kila mmoja na karakana yake, na usimamizi ulikuwa mgumu. Wafalme waliziba pengo hilo kwa ukatili. Krismasi ya mwaka 1124 Henry I aliamuru wafua sarafu waitwe Winchester, na waliotuhumiwa kupunguza fedha katika sarafu walikatwa mikono ya kulia. Kufikia 1279, chini ya Edward I, kazi ya London ilikuwa imehamia ndani ya Mnara, katika uchochoro mwembamba kati ya kuta mbili za ngome. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1282, unatajwa ukaguzi uitwao Pyx, ambapo jopo la wafua dhahabu hupima sarafu zilizochaguliwa bila mpangilio ili kuhakikisha uzito na usafi wake. Ukaguzi huo bado hufanyika kila mwaka London, katika jumba la chama cha wafua dhahabu.

Kazi ndani ya Mnara ilikuwa ya moto, moshi na nyundo. Kipande cha fedha kilichokatwa mviringo kiliwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma, mmoja umesimikwa kwenye gogo, mwingine umeshikwa mkononi, kisha kikagongwa. Sarafu za namna hiyo hazikulingana, na hitilafu hiyo iliwapa wezi riziki: walizikata kingo kidogo kidogo, wakayeyusha vipande na kuziachia sarafu ziendelee kuzunguka. Lakini mharibifu mkubwa kuliko wote alikuwa mwenye kiwanda mwenyewe. Kati ya 1544 na 1551, katika utawala wa Henry VIII na mwanawe Edward VI, serikali iliyohitaji pesa za vita ilichanganya shaba nyingi katika fedha. Ngozi nyembamba ya fedha ilipochakaa, shaba nyekundu ilichomoza kwanza mahali palipoinuka zaidi kwenye picha, yaani puani, na watu wakambandika mfalme jina la Pua ya Shaba. Elizabeth I alizikusanya sarafu hizo mbovu na kuzifua upya mwaka 1560 na 1561.

Mashine zilikuja kwa kudumu mwaka 1662. Vinu vilivyozungushwa na farasi vilibana mabamba ya madini, na mashinikizo ya parafujo yakagonga picha. Kingo za sarafu kubwa ziliandikwa maneno ya Kilatini, hivyo aliyekata ukingo alionekana mara moja. Tatizo ni kwamba sarafu za zamani za nyundo ziliachwa sokoni pamoja na mpya, na kila mwenye akili alitumia mbovu akaficha nzuri. Mwaka 1696 serikali iliamua kuzifua upya sarafu zote za fedha za zamani, kazi ya karibu pauni milioni 7, na viwanda vya muda vikafunguliwa Bristol, Chester, Exeter, Norwich na York.

Mwaka huohuo Isaac Newton, aliyekuwa tayari bingwa wa hisabati Ulaya nzima, aliteuliwa kuwa Mlinzi wa kiwanda. Wengi walidhani ni cheo cha kula mshahara na kupumzika. Newton alikifanya kazi. Aliwasaka walioghushi pesa, akahoji mashahidi na watuhumiwa mwenyewe, na mwaka 1699 mghushi mashuhuri William Chaloner alinyongwa. Mwaka huo Newton alipanda kuwa Mkuu wa kiwanda, na alibaki hapo hadi kufa mwaka 1727. Mwaka 1717, kwa kufuata taarifa yake, bei ya gini, sarafu ya dhahabu, iliwekwa shilingi 21. Kiwango hicho kiliipa dhahabu thamani kubwa mno ikilinganishwa na fedha, fedha ikakimbilia nje, na Uingereza ikaingia katika mfumo wa dhahabu karibu bila kukusudia.

Gini ilianza mwaka 1663, na sehemu ya dhahabu yake ilitoka pwani ya Guinea, Afrika Magharibi. Sarafu zilizofuliwa kwa dhahabu iliyoletwa na kampuni ya kifalme ya biashara ya Afrika zilipigwa alama ya tembo chini ya kichwa cha mfalme. Kampuni hiyo hiyo iliuza watumwa kwa maelfu, jambo ambalo alama hiyo nzuri haikulisema.

Mnara uliposongwa na askari na mitambo ya mvuke ikahitaji nafasi, jengo jipya lilijengwa Tower Hill kwa ramani ya James Johnson, likamaliziwa na Robert Smirke. Uzalishaji ulianza mwaka 1810. Mwaka 1817 ilitoka pauni ya dhahabu yenye picha ya Mtakatifu George akimuua joka, kazi ya Mwitaliano Benedetto Pistrucci, na picha hiyo hutumika hadi leo. Matawi yalifunguliwa Sydney mwaka 1855, kisha Melbourne, Perth, Ottawa, Bombay na Pretoria. Sheria ya mwaka 1870 ilimpa Waziri wa Fedha cheo cha Mkuu wa kiwanda, na kazi ya kila siku ikabaki kwa naibu.

Uhusiano na Afrika Mashariki ulikomaa Desemba 1919, ilipoundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Ingawa pesa zake zilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar kuanzia 1936, bodi ilikaa London hadi ilipohamia Nairobi mwaka 1960. Noti zake zilichapwa na Thomas De La Rue, kampuni binafsi. Sarafu nyingi zilitoka Royal Mint au kwa makandarasi wake. Herufi ndogo H ilionyesha kazi ya Heaton wa Birmingham, KN ya King's Norton, na SA ya Pretoria wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baada ya jaribio fupi la florini mwaka 1920, ilitolewa shilingi yenye simba mbele ya milima. Robo tu ya uzito wake ilikuwa fedha, na baada ya vita hata robo hiyo iliondolewa. Senti tano, ndururu, na senti kumi zilitobolewa katikati, zikazungushiwa pembe za ndovu. Thamani ya pesa hizo ilitegemezwa na akiba iliyowekwa London katika dhamana za pauni, maana yake ni kwamba makoloni maskini yaliikopesha nchi iliyoyatawala.

Tundu la senti hizo lilizaa kioja. Edward VIII alitawala miezi ya mwaka 1936 tu na kujiuzulu Desemba, kabla sarafu zenye sura yake hazijaingia sokoni Uingereza. Senti za tundu hazikuhitaji sura, zilihitaji jina na taji, hivyo zilikuwa zimeshafuliwa na kusafirishwa. Mchuuzi wa Mombasa au Tabora alishika jina la mfalme ambalo Mwingereza hakuliona kwenye sarafu za kwao. Mwaka huohuo kiwanda kilianza pia kufua reale za Maria Theresa zenye tarehe ya 1780, zilizotumika Ethiopia na Arabuni, na kiliendelea nazo hadi 1961.

Mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zilianzisha benki kuu zao, lakini oda za sarafu zilirudi kulekule London. Tanzania ilipata samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye ishirini, sungura kwenye hamsini na Mwenge wa Uhuru kwenye shilingi, upande wa pili ukiwa na sura ya Mwalimu Nyerere.

Tower Hill haikutosha tena. Uingereza ilikuwa inajiandaa kwa pesa za mfumo wa desimali, zilizoanza tarehe 15 Februari 1971, na zilihitajika sarafu mpya kwa mamilioni. Serikali, iliyotaka pia kupeleka ajira nje ya mji mkuu, ilichagua Llantrisant; waziri aliyehusika, James Callaghan, alikuwa mbunge wa Cardiff jirani na hapo, na minong'ono haikukosekana. Malkia Elizabeth II alifungua kiwanda tarehe 17 Desemba 1968. Kazi ya Tower Hill ilipungua hatua kwa hatua, hadi pauni ya dhahabu ya mwisho ilipofuliwa Novemba 1975. Eneo hilo lilinunuliwa na China mwaka 2018 kwa ajili ya ubalozi.

Kiwanda kikawa wakala wa serikali mwaka 1990, na mwisho wa mwaka 2009 kampuni kamili. Medali za Olimpiki ya London 2012 zilifuliwa Wales, zikahifadhiwa ndani ya Mnara wa London hadi michezo. Watu walipoacha kutumia sarafu, oda zilipungua. Mwaka 2024 kampuni ilitangaza kuacha kufua sarafu za mzunguko za nchi za nje, biashara iliyokuwa imehudumia mataifa mengi, na mwaka huohuo ikafungua Llantrisant kiwanda cha kutoa dhahabu katika mabaki ya vifaa vya elektroniki.