Upogoaji wa Sinapsi

Mtoto anapotimiza mwaka mmoja na kuukaribia wa pili, sinapsi katika sehemu ya mbele ya ubongo wake huwa zimesongamana kuliko za mtu mzima kwa karibu nusu nzima. Ni mtoto ambaye bado hawezi kufunga kifungo wala kusimulia aliyoyaona jana, na akikasirika hana namna ya kujizuia. Kuanzia hapo hadi anapobalehe na kuvuka balehe, sinapsi hizo hupungua mwaka hadi mwaka. Kadiri zinavyopungua, ndivyo anavyozidi kuwa hodari wa kupanga, kusubiri na kufikiri kabla ya kutenda. Jambo hilo lina jina katika sayansi ya ubongo, jina lililochukuliwa bustanini, na kwa Kiswahili nalitetea neno moja: upogoaji. Upogoaji wa sinapsi.

Nianze na sinapsi yenyewe, maana tusipoijua hatutajua kinachopogolewa ni nini.

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Kila seli huwa na uzi mmoja mrefu wa kutolea habari, uitwao aksoni, na vitawi vingi vifupi vya kuzipokelea, viitwavyo dendriti. Aksoni ya seli moja inapoifikia seli nyingine, kwa kawaida haiigusi. Husimama ikabakiza mwanya wa takribani nanomita 20. Unene wa unywele mmoja ni mara elfu kadhaa ya mwanya huo. Mpwito wa umeme ukishafika kwenye ncha ya aksoni, kalsiamu huingia ndani ya ncha, vifuko vidogo vilivyojaa kemikali hufunguka na kumwaga kilichomo, kemikali hiyo huvuka mwanya na kunasa kwenye protini za seli ya pili zilizokaa tayari kuipokea. Seli ya pili ikipata ujumbe wa kutosha kutoka pande zote zinazoifikia, nayo hutoa mpwito wake. Ncha inayotoa, mwanya wa katikati na utando unaopokea, vyote kwa pamoja ndivyo sinapsi. Seli moja inaweza kuwa na maelfu ya sinapsi.

Jina hili lilichapishwa kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1897, katika kitabu cha fiziolojia cha Michael Foster, kwenye sura alizoandika pamoja na Charles Sherrington. Waliliunda kutokana na Kigiriki, kwa maana ya kushikana. Mwanya wenyewe hawakuwahi kuuona, kwa kuwa hadubini za mwanga za wakati ule hazikuwa na uwezo huo. Mhispania Santiago Ramón y Cajal alishikilia kwamba seli za neva zimetengana, Mwitalia Camillo Golgi akashikilia kwamba zimeungana zote kuwa kitu kimoja, na wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1906 wakiwa bado wanapingana. Ubishi ulimalizwa na hadubini ya elektroni katika miaka ya 1950.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na kuiita sinapsi “kiungo” au “makutano”. Kiungo huunganisha vitu vikashikana, ilhali hapa kazi yote inafanyika kwenye nafasi iliyoachwa. Ndipo pia dawa nyingi za magonjwa ya akili zinapofanyia kazi. “Sinapsi” linatamkika bila shida, linaingia kwenye ngeli bila kulazimishwa, na mwanafunzi atakayelikuta katika kitabu cha lugha nyingine atalitambua. Tulipokee kama tulivyopokea neva na homoni.

Sasa upogoaji. Aliyetuonyesha kwamba sinapsi za binadamu hupungua utotoni ni Peter Huttenlocher, daktari wa neva za watoto wa Chuo Kikuu cha Chicago. Alichukua vipande vya gamba la ubongo, sehemu ya mbele, kutoka kwa watu 21 waliokwisha kufariki, tangu vichanga hadi wazee. Akavitazama kwa hadubini ya elektroni, akahesabu sinapsi kwenye picha moja baada ya nyingine, kazi ya kuchosha macho. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1979: sinapsi huongezeka kwa kasi baada ya kuzaliwa, hufikia kilele kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, kisha hushuka hadi karibu miaka 16. Baadaye akahesabu katika eneo la kuona, lililoko kisogoni, akakuta kilele kinafika mapema zaidi, mnamo miezi minane. Maeneo ya ubongo hayapogolewi kwa pamoja. Yale ya kuona na kusikia hutangulia. Yale ya kupanga na kuamua hufuata nyuma kwa miaka mingi, na utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba katika sehemu ya mbele kazi hii huendelea hata baada ya miaka 20.

Tuiite nini kazi hiyo? Kusema “kupungua kwa sinapsi” si kosa, lakini kunatoa hesabu tu. Msomaji atadhani ni hasara, na mzazi ataogopa. “Kufa” ni kosa kabisa, kwa sababu seli zinabaki hai. Kinachoondoka ni mahali zilipokuwa zikipeana habari. “Uchujaji” unatenga kibaya na kizuri, ilhali sinapsi inayoondolewa haikuwa na ubaya wowote.

Kamusi zetu hueleza pogoa kuwa ni kukata matawi ya mti, na mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro hahitaji kamusi kulielewa. Mavuno yakiisha huingia shambani na mkasi na msumeno mdogo. Hukata tawi lililokwisha kuzaa, lililokauka, linaloelekea ndani na kuziba mwanga, na machipukizi yanayochomoza shinani yakinyonya chakula bila kutoa buni. Kwa wiki kadhaa mibuni huonekana mitupu, na mgeni asiyejua kilimo angemlaumu mwenye shamba. Msimu ufuatao chakula chote huenda kwenye matawi yaliyobaki. Ndani ya neno hilo moja kuna mambo matatu tunayoyataka: mti unabaki hai, kinachoondolewa kimechaguliwa, na kilichobaki kinapata nguvu. Hayo matatu ndiyo yanayotokea kwenye sinapsi. Misuli ya panya mchanga inaonyesha vizuri: anapozaliwa, kila uzi wa msuli hufikiwa na aksoni kadhaa zinazogombania kuuamrisha, na katika wiki za mwanzo zote hujiondoa isipokuwa moja, ambayo hukua na kulitwaa eneo lote.

Lipo jambo moja ambalo neno hili halilichukui, na mwandishi makini hana budi kulisema. Shamba lina mkulima, ubongo hauna. Ningeweza basi kuchagua “kupukutika”, kwa kuwa jani hupukutika bila mkono wa mtu, lakini neno hilo linapoteza uchaguzi, ambao ndio kiini cha habari yote. Uchaguzi upo, na unafanywa na matumizi. Sinapsi ambazo seli zake hutoa mpwito kwa wakati mmoja huimarishwa. Zile zinazokosea wakati mara kwa mara hudhoofika. Tangu mwaka 2007 tumeanza kujua nani anaziondoa. Beth Stevens na Ben Barres, wakifanya utafiti kwa panya huko Stanford, waligundua kwamba protini za kinga ya mwili, zile zile zinazobandikwa kwenye bakteria ili ziliwe, hubandikwa pia kwenye sinapsi. Miaka michache baadaye ikaonekana kwamba seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo, ziitwazo mikroglia, huzizunguka sinapsi zilizobandikwa alama na kuzimeza. Nakiri hapa kwamba nilipolisoma jambo hili niliona fahari ya kuwa na mwili: kinga tuliyodhani ni ya kupigana na vijidudu peke yake ndiyo pia inayoutengeneza ubongo.

Kama matumizi ndiyo yanayochagua, itakuwaje sehemu ya ubongo isipotumika wakati wake? Swali hili lilijibiwa na David Hubel na Torsten Wiesel wa Harvard, katika majaribio yaliyochapishwa kuanzia mwaka 1963 na kuwapatia Nobel mwaka 1981. Walishona kope za jicho moja la mtoto wa paka kabla halijafumbuka. Baada ya miezi michache wakafungua nyuzi. Jicho lilikuwa zima, retina nzima, mwanga ulipita sawasawa, lakini paka hakuona kwa jicho hilo. Seli za eneo la kuona karibu zote zilikuwa zikilijibu jicho lililobaki wazi. Paka mkubwa aliyefungwa jicho kwa muda mrefu zaidi hakudhurika. Aksoni za jicho lililofungwa zilikuwa zimepokonywa nafasi na za jicho jirani, na dirisha la kuirudisha nafasi hiyo lilikuwa limefungwa.

Hapa ndipo istilahi hii inapoacha kuwa ya wataalamu peke yao. Wapo watoto wanaozaliwa na mtoto wa jicho, yaani lenzi iliyojaa ukungu. Kwa mzee mwenye tatizo hilo, upasuaji ukicheleweshwa mwaka mmoja, siku ukifanyika bado ataona, kwa sababu ubongo wake ulishajifunza kuona zamani. Kwa kichanga, kila mwezi unaopita lenzi ikiwa imeziba ni mwezi ambao sinapsi za kuona zinapangwa bila picha. Ukungu ukiwa mzito, madaktari hupenda kumfanyia upasuaji ndani ya wiki za mwanzo za maisha. Akiletwa ana miaka mitano, lenzi inaweza kutolewa kwa ufundi wa hali ya juu na bado asione vizuri, na wazazi wakadhani daktari ameshindwa kazi. Hospitali kama KCMC ya Moshi na CCBRT ya Dar es Salaam hufanya upasuaji huu kwa watoto. Kinachotakiwa nyumbani ni kulitambua mapema: weupe katikati ya mboni, ambao mara nyingine huonekana kwanza kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa flashi, macho yanayochezacheza bila kutulia, mtoto wa miezi mitatu asiyefuata uso wa mama yake. Msisubiri akue. Ushauri wa “ataona tu akikua” umewagharimu wengi.

Hata baada ya upasuaji, kazi haijaisha. Kama jicho moja lilitangulia kuwa zuri, daktari huagiza lizibwe kwa saa kadhaa kila siku ili jicho dhaifu lilazimike kutumika na kupata sehemu yake ya sinapsi. Mtoto hulia, hubandua kibandiko, bibi humwonea huruma akamtoa. Mzazi aliyeelezwa upogoaji kwa maneno anayoyaelewa ana sababu ya kukirudisha kibandiko pale kilipokuwa.

Niongeze angalizo. Upogoaji umekwisha kugeuzwa biashara: midoli na video zinauzwa kwa ahadi kwamba zitaokoa sinapsi za mtoto zisipotee. Ahadi hiyo inapingana na sayansi inayojidai kuitumia, kwa kuwa sinapsi zinatakiwa kupungua. Kuona, kusikia watu wakizungumza, kushikwa, kutambaa na kuchezewa ndivyo vitu ambavyo ubongo wa mtoto umejiandaa kuvikuta, na havina bei.

Upande wa pili wa umri, upogoaji unatusaidia kulitazama upya jambo linalotisha familia nyingi. Skizofrenia kwa kawaida huanza ujanani au mwanzoni mwa utu uzima, kwa kijana aliyekuwa akiendelea vizuri na masomo yake. Mwaka 1982 Irwin Feinberg alitoa wazo kwamba pengine upogoaji wa umri huo umekwenda vibaya. Kwa zaidi ya miaka 30 wazo hilo lilibaki bila ushahidi wa kijeni. Kisha mwaka 2016, Steven McCarroll, Beth Stevens na wenzao wakachapisha uchambuzi wa jeni za watu zaidi ya 60,000, wakaonyesha kwamba aina fulani za jeni iitwayo C4 huongeza uwezekano wa ugonjwa huu. C4 hutengeneza mojawapo ya protini zile zile za kinga, na kwa panya ilionekana kuhusika katika kuondoa sinapsi. Aina hizo za jeni peke yake hazimfanyi mtu augue, na wengi walio nazo hawaugui kamwe. Ni chanzo kimoja kati ya vingi. Hata hivyo inatupa maneno ya kumwambia mama anayeulizwa na majirani amemkosea nani, au kijana wake amerogwa na nani: huenda kazi ya kawaida ya ubongo wa kijana imepita kiasi chake. Dawa ya kuurekebisha upogoaji wenyewe bado haijapatikana. Zilizopo hufanya kazi kwenye sinapsi zilizobaki, hasa kwa kuzuia vipokezi vya kemikali ya dopamini, na mgonjwa anayezianza mapema baada ya dalili za kwanza kwa kawaida huendelea vizuri kuliko aliyezungushwa kwa miaka kabla ya kufikishwa kliniki.