Udugu na Uzio: Historia ya Maneno Mawili ya Kielfi

Makala hii fupi inadai kwamba, katika lugha za Kielfi alizozibuni J.R.R. Tolkien (1892–1973), historia ya jina moja la mpaka haieleweki pasipo neno la ukoo. Katika orodha ya mashina aliyoiandika miaka ya 1930, iliyochapishwa 1987, neno la baba limekwisha kutulia: Quenya ina *atar*, na lugha iliyokuja kuitwa Sindarin ina *adar*. Shina ni moja. Jina Doriath, kinyume chake, linafasiriwa humo kuwa 'Nchi ya Pango'. Kufikia *The Silmarillion* (1977), jina ni lile lile, ila maana imegeuka 'Nchi ya Uzio', yaani uzio wa uganga aliouzungusha Melian, mke wa Mfalme Thingol. Badiliko hilo si dogo. Thingol anapopata habari kwamba watu wa nduguye Olwë wameuawa na wasemao Quenya, anaipiga lugha hiyo marufuku. Uzio wa nchi unakuwa uzio wa ndimi. Hata hivyo, *atar* na *adar* yangali yanashuhudia udugu ambao amri ya mfalme haikuweza kuufuta.