Volti, gorogoro na kazi ya kutafsiri vipimo

Mtaa wa Kariokor hapa Nairobi ulipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kiswahili kililitafuna jina hilo, kikalitoa likiwa Kariokor huku kwetu na Kariakoo kule Dar es Salaam. Enzi hizo mizigo ilipimwa kwa ratili. Siku hizi tunapima kwa kilo. Mzigo wa ratili 50 ni kama kilo 22.7, na bega la mpagazi halingehisi tofauti yoyote. Tumebadilisha jina na namba, mzigo ni ule ule.

Wengi wetu, hasa sisi watu wa lugha, hudhani kila ubadilishaji wa vipimo ni wa namna hiyo. Tafuta namba, zidisha, basi. Sivyo. Anayetafsiri vitabu vya sayansi asipolielewa jambo hili atawapotosha wasomaji wake.

Chukua mfano wa gorogoro, mkebe unaotumika kupimia nafaka katika masoko ya Eastlands. Gorogoro ya mahindi huwa na takriban kilo 2. Lakini gorogoro ya unga na gorogoro ya maharagwe hazina uzito mmoja. Gorogoro hupima ujazo, kilo hupima uzito. Ukiulizwa gorogoro moja ni kilo ngapi, sharti nawe uulize kwanza: gorogoro ya nini? Ndivyo ilivyokuwa pia kwa pishi na kibaba vya wazee wetu wa pwani.

Stima nayo ina gorogoro yake. Wanafizikia huzungumzia uga wa umeme, yaani eneo ambamo chaji husukumwa au kuvutwa. Ukali wa uga huo leo hupimwa kwa volti kwa mita. Ukifungua vitabu vya zamani utakuta statvolti kwa sentimita. Statvolti 1 ni karibu volti 300, na kwa kuwa mita ina sentimita 100, statvolti 1 kwa sentimita ni karibu volti 30,000 kwa mita. Hesabu ni rahisi. Swali ni hili: hiyo 300 imetoka wapi?

Mwaka 1873 Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi kilipendekeza vipimo vyote vijengwe juu ya sentimita, gramu na sekunde. Katika tawi moja la mfumo huo, chaji haikupewa kipimo cha kujitegemea. Ilisemwa tu kwamba chaji 1 ni ile inayoisukuma nyingine iliyo sawa nayo, kwa umbali wa sentimita 1, kwa kani ya daini 1. Tawi la pili lilianzia kwenye sumaku na mkondo wa umeme, likapata kipimo tofauti kabisa cha chaji ile ile.

Tayari mwaka 1856, Wajerumani Weber na Kohlrausch walikuwa wamepima uwiano wa njia hizo mbili. Walipata mwendo wa karibu kilomita 310,000 kwa sekunde. Maxwell alipoutazama uwiano huo katika miaka ya 1860, aliona unakaribiana mno na mwendo wa mwanga, akahitimisha kwamba mwanga wenyewe ni mawimbi ya umeme na sumaku. Sasa tunajua mwanga husafiri mita 299,792,458 kwa sekunde. Statvolti 1 ni volti 299.792458. Linganisha tarakimu hizo mbili, msomaji. Kumbe ile 300 yetu ni mwendo wa mwanga uliojificha ndani ya jedwali la vipimo!

Volti yenyewe ilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa wa umeme jijini Paris mwaka 1881. Mwaka 1901 mhandisi Mwitaliano Giorgi akapendekeza mita, kilo na sekunde ziongezewe kipimo cha nne, cha umeme. Wazo hilo ndilo lililozaa mfumo wa kimataifa uliopitishwa mwaka 1960, ambamo ampea ni kipimo cha msingi. Kwa hiyo kutoka statvolti hadi volti tumehama nadharia, si jina tu.

Je, hilo lina umuhimu gani kwa mtu wa kawaida? Weka sahani mbili za chuma sambamba, sentimita 1 kati yake, uziunganishe na volti 240 za nyumbani. Uga kati yake ni volti 24,000 kwa mita. Kwa kipimo cha zamani ni 0.8 tu. Mwongozo wa kimataifa wa ICNIRP unataka raia wasikae kwenye uga unaozidi volti 5,000 kwa mita, kwa stima ya mizunguko 50 kwa sekunde kama yetu. Hiyo ni takriban 0.17 ya zamani. Mtu akisoma 0.8 bila jina la kipimo ataona ni kitu kidogo, kumbe imezidi kiwango hicho karibu mara tano.

Ndiyo maana nawasihi waandishi na watafsiri wetu mambo mawili. Kwanza, tusiseme "nguvu ya uga". Neno nguvu tayari limebebeshwa maana nyingi mno katika fizikia. Tuseme ukali wa uga, na neno kani tuliachie kazi yake. Pili, tukinukuu namba kutoka kitabu cha zamani, tutaje kipimo na mfumo wake kabla ya kuigeuza. Mnunuzi sokoni hatoi pesa kabla ya kujua gorogoro imejaa nini.