Konyeza wa Ziwa Tanganyika na Swali la Asili ya Wanyama Wake

Mji wa Kalemie, ambao wakati wa utawala wa Wabelgiji uliitwa Albertville, umejengwa pale Mto Lukuga unapotoka katika Ziwa Tanganyika kuelekea bonde la Kongo, na maji yaliyo mbele yake yaliwahi kuwa kiini cha mabishano makali katika elimu ya wanyama ya Ulaya. Lililobishaniwa ni kama ziwa hili, lililo mbali na kila pwani, lilikuwa zamani mkono wa bahari; na chini ya swali hilo lilikuwamo jingine, yaani kama mnyama akishatambuliwa ni wa faila gani, faila hiyo inaweza pia kueleza alikotoka. Faila ni mgawanyo mkuu wa himaya ya wanyama, unaowakusanya pamoja viumbe wenye mpango mmoja wa mwili hata pale ambapo kwa nje hawafanani.

Mabishano yalianza na kiumbe mdogo sana. Mwaka 1883, mwaka uleule Mbelgiji Émile Storms alipofungua kituo cha Mpala kusini mwa Kalemie ya leo, mtaalamu wa wanyama Mjerumani Richard Böhm aliona katika ziwa hilo konyeza, mnyama ambaye watu wa pwani humjua kwa kuwashwa naye wanapoogelea baharini. Böhm alifariki Katanga mwaka uliofuata, na ilikuwa hadi 1893 ndipo Mwingereza R. T. Günther alipomweleza kiumbe huyo kwa ukamilifu na kumweka katika jenasi mpya ya Limnocnida. Upana wake ni kiasi cha sentimita mbili. Mwili wake, unaopenyeza mwanga, una umbo la mwavuli bapa wenye minyiri mingi pembezoni, na chini yake katikati upo mdomo mpana ambao ndio mlango pekee wa kuingizia chakula na kutolea mabaki. Hana kichwa, hana mbele wala nyuma, na mwili wake ni tabaka mbili za seli zenye ute mzito kati yake. Sifa hizo, pamoja na seli za mchomo anazotumia kukamatia windo, zinamweka bila shaka katika faila ya Nidaria, pamoja na matumbawe. Kwa kuwa karibu jamaa zake wote waliojulikana waliishi katika maji ya chumvi, kuonekana kwake katikati ya bara kuliwashangaza wengi.

Mshangao huo ulikutana na mwingine uliotokana na konokono. Konokono ni wa faila ya Moluska, yaani wanyama wenye mwili laini usio na pingili, mguu mmoja wa msuli, na ngozi maalumu iitwayo joho, ambayo ndiyo inayotengeneza kombe. Makombe ambayo John Speke aliyaokota mwaka 1858, na yale yaliyotumwa baadaye na mmisionari Edward Hore, mmoja wa waliothibitisha kwamba maji ya Lukuga hutoka ziwani, yalikuwa na sura ya kibahari: mengine mazito yenye matuta, na moja, lililopewa jina la Hore mwenyewe, Tiphobia horei, lenye miiba mirefu iliyojipinda. Mwingereza J. E. S. Moore, baada ya safari mbili alizofanya kati ya 1895 na 1900, aliyalinganisha na visukuku vya bahari ya kipindi cha Jurasiki, akahitimisha katika kitabu chake cha 1903 kwamba ziwa lilikuwa mabaki ya bahari hiyo ya kale.

Ilikuwa dhana ya kuvutia, na Moore alikuwa mpasuaji hodari wa wanyama. Kosa lake lilikuwa kuupa mfanano wa makombe uzito usiostahili. Mtu angeweza kumpinga kwa kusema kwamba ziwani hamna hata mnyama mmoja wa Ekinodamata, faila ya kiti cha pweza, lakini hoja hiyo ingekuwa dhaifu, kwani faila hiyo haina spishi hata moja inayoishi katika maji baridi popote duniani. Kilichoiangusha dhana ni mambo mengine. W. A. Cunnington, aliyelichunguza ziwa mwaka 1904 na 1905, hakukubaliana nayo. Konyeza wa jenasi hiyohiyo walipatikana katika maji mengine ya Afrika, likiwemo Ziwa Victoria. Na wanajiolojia walionyesha kwamba bonde la ufa lililolibeba ziwa lina umri wa takriban miaka milioni 9 hadi 12, ilhali Jurasiki ilimalizika yapata miaka milioni 145 iliyopita. Unene wa makombe nao ulipata maelezo yaliyo karibu zaidi: kaa wa ziwa hilo wa jenasi Platythelphusa, ambao ni Arithropoda, yaani wanyama wenye miguu ya viungo na gamba gumu la nje wanalolivua wanapokua, huyavunja makombe kwa magando, na kwa vizazi vingi waliosalia ni konokono wenye kombe gumu.

Faila ya Kodata, ambayo kwa sehemu kubwa ni wanyama wenye uti wa mgongo, iliingia katika habari hii kwa kuchelewa. Ndiyo inayowajumuisha swila wa majini aliyepewa jina la Storms na mgebuka anayebeba jina la Louis Stappers, daktari Mbelgiji aliyelichunguza ziwa kati ya 1911 na 1913, na pia dagaa, ambao Kalemie huitwa ndakala. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mababu wa dagaa hao walitoka baharini kweli, ila waliingilia mito ya Afrika Magharibi mamilioni ya miaka kabla ziwa halijakuwapo, na ndipo wakafika Tanganyika kwa njia ya maji baridi. Moore hakuwatumia katika hoja yake: aina mbili za dagaa wa ziwa hilo zilielezwa kisayansi mwaka 1906 na 1917, baada ya kitabu chake kutoka.